Mke wa Maji

Kambini, nje ya Hamadan
9 Shaabani 1039

Dada Khavar,

Salamu hizi zikukute umekaa juani, miguu mikavu, ingawa kwa ninayoyasikia miguu mikavu umeshaiaga. Kalbali muuza chumvi amenihadithia yote, nami nikacheka mpaka wenzangu wa hemani wakadhani nimepagawa. Ati umeolewa! Ati umeolewa na mfereji! Nakuacha mjane miezi minane tu, nageuka nasikia nina shemeji anayelala chini ya ardhi, visima kumi na tisa mgongoni, wala hana hata masharubu.

Najua ni desturi ya zamani. Maji yakipungua kijiji humwoza mfereji mjane, na mjane huteremka kuoga ndani yake kila Alhamisi ili mume asinune akahama. Bibi alitusimulia. Lakini sikuwahi kudhani itakuwa wewe, mwenye ulimi huo. Je, anakoroma? Anakutunza? Mwambie shemeji kwamba nduguyo yupo hai, na ana sururu.

Kuhusu mimi: nakula, nalala, naogopa. Hapa sihesabiki kuwa askari. Askari wa Shah, wenye kofia nyekundu, wanapanda farasi na kusemezana Kituruki chao, sisi wachimbaji tunalala na nyumbu. Tunachimba mahandaki ya mizinga, kisha tunaambiwa tuyafukie, kisha tuyachimbe tena hatua mia mbele. Akida wetu anaitwa Budaq. Hapigi kelele, na hilo ndilo linalonitisha kwake. Waothmani wametoka Mosul na wanakuja. Wako wanaosema ni elfu themanini, na wako wanaotazama tu magharibi huku wanatafuna mkate.

Nikichimba husahau nilipo, nagonga ukuta kwa mpini kama baba alivyotufundisha. Moja, nipo hai. Mbili, nivute juu. Tatu, nenda zako, usinifuate. Hakuna anayenijibu. Juzi nikamkumbuka marehemu Rostam wako, siku dari ilipomshukia, alivyogonga tatu nami nikiwa juu na kamba mkononi. Nilishindwa kula.

Niandikie. Mwambie Mulla Safar asipambe maneno yako.

Mdogo wako,
Nazarali, mwana wa Fundi Heydar


Bidestan
20 Shaabani 1039

Nazarali, mdogo wangu,

Mulla ameketi hapa na kalamu, nimemwambia aandike ninavyosema, na ameapa kwa Imam Ali, basi nitajua wewe ukinijibu.

Cheka, cheka sana. Ungeona siku ya harusi! Walinivika kilemba cha kijani, mwanamke mzima wa miaka thelathini na saba, wakanipigia ngoma mpaka mdomo wa mfereji, nikaulizwa kama nimekubali, nami nikasema kwanza nilione guu la mume. Wanawake walicheka, mkuu wa kijiji Mzee Yadgar akakasirika. Halafu nikateremka. Maji ya barafu, Nazarali. Mume gani huyu anayekukumbatia ukatoka na meno yanagongana.

Lakini sikiliza. Wiki ya tatu maji yakarudi. Yalikuwa yanafika kwenye kifundo cha mguu, sasa yako gotini. Usiniulize yametoka wapi, mimi mwenyewe najua theluji ilikuwa nyingi mwaka huu. Watu hawataki kusikia habari ya theluji. Kila nyumba inaniletea ngano, hata wale waliokuwa wananipita bila salamu. Nikienda kwa jirani kukopa moto, kuna mtu anauliza ninakwenda wapi. Nikisema nataka kumzuru shangazi kule Malayer, Yadgar anasema, "Mke mwema hamwachi mumewe msimu wa kumwagilia." Nimekuwa malkia, tena malkia wa kufungiwa ndani.

Wewe jihadhari. Ukimwondoa shangazi, wewe ndiye peke yako niliyebaki naye kwa damu. Usijifanye shujaa, ukoo wetu mashujaa wote wako chini ya udongo. Na nguo zako nyeupe za uchimbaji uzivae safi, mchimbaji akiangukiwa huwa sanda yake, lakini kwako zisiwe.

Dada yako,
Khavar

(Mimi Mulla Safar nimeandika neno kwa neno, na guu la mume nimeliandika kwa aibu. Binti yangu Tuba, ninayemfundisha kusoma ingawa Mzee Yadgar haafiki, anakusalimu na anauliza mizinga ina sauti gani.)


Asadabad
25 Ramadhani 1039

Dada Khavar,

Barua hii ikishasomwa ichomwe. Nawe Mulla Safar usomaye, soma yote, usiruke hata herufi moja. Nimeiweka roho yangu mkononi mwako.

Tumepigwa. Huko magharibi, siku tatu zilizopita. Sitaeleza. Jemadari aliyerudi na habari hiyo alikatwa kichwa mbele ya hema la Shah, na tangu hapo hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema jambo lolote, hata kwamba mvua inanyesha.

Leo asubuhi amri imesomwa. Jeshi halitapigana tena uwanjani. Tutawaachia Waothmani nchi tupu. Kila shamba kutoka hapa hadi Hamadan lichomwe kabla halijakomaa, kila ghala, na kila maji yafe. Watu wahamishwe na wanachoweza kubeba. Ndivyo mababu wa Shah walivyowashinda zamani, wanasema: adui anakuja na tumbo, anaondoka na mifupa. Huenda ni kweli. Mimi nimesikia neno moja tu, maji.

Akida Budaq akauliza nani kati yetu anajua mifereji ya ardhini. Wenzangu wakanitazama. Dada, walinitazama wote kwa pamoja! Sasa mimi ndiye ninayekwenda mbele na watu arubaini, naonyesha kisima kipi kizibwe ili mfereji mzima ufe. Mchimba kisima huingia mwenyewe, tulikuwa tunasema kwa mzaha.

Orodha ya vijiji ilisomwa kwa sauti. Bidestan ni ya kumi na nne. Tutafika baada ya sikukuu, tarehe tisa au kumi ya Mfunguo Mosi.

Ondoka. Usingoje mtu, usingoje mkate uive. Nenda Malayer kwa shangazi. Wakisema mume wako atanuna, waambie mume wako amehukumiwa kifo na mdogo wako ndiye mnyongaji. Waothmani wako nyuma yetu mwendo wa siku chache, na akida wetu hatamsubiri mtu kufunga mzigo.

Wakijua nimeandika haya nitakatwa kichwa.

Nazarali


Bidestan
Siku ya mwisho ya Ramadhani 1039

Nazarali, mdogo wangu,

Nimefurahi mno! Mulla amenisomea kwamba utapita Bidestan tarehe tisa au kumi pamoja na kikosi chako. Nitakupikia supu ya tambi na maharagwe, na nimekuwekea zabibu kavu za mwaka jana ulizokuwa unaniibia. Mwambie akida wako karibu sana, ingawa kama ni mkimya hivyo nitamweka kwa Mzee Yadgar, wanuniane.

Nimesikitika kwamba mmepigwa. Hapa watu wana hofu. Wapitao njiani wanasema Waothmani wanachoma wanawake ndani ya nyumba. Mimi siamini yote, ila siku hizi mbwa akibweka nasimama.

Usiwe na wasiwasi juu yetu lakini, maana wazee wameshakata shauri. Wakija, kijiji kizima tutateremka ndani ya mfereji, kama wakati wa babu. Unakumbuka kile chumba kando ya kisima cha tisa, ambacho baba alikuwa anatutisha nacho? Wamekisafisha, wameweka mkate mkavu na taa. Watu sitini wanaingia, wakibanana, na waliobaki watakaa mferejini. Mimi natangulia, nimeambiwa, kwa kuwa ni nyumbani kwa mume wangu. Nilimwuliza Yadgar, "Na wakijua tuko humo?" Akajibu kwamba hakuna Mwislamu atakayegusa maji, maji ni mahari ya Bibi Fatima, na anayeziba mahari ya Bibi atajibu siku ya Kiyama. Mulla alikuwapo. Aliinama akachonga kalamu ambayo ilikuwa imeshachongwa.

Basi njoo. Nikuone uso.

Khavar

(Yote uliyoandika yamesomwa. Safar.)


Kangavar
3 Mfunguo Mosi 1039

Kwa Mulla Safar wa Bidestan,

Eid njema, ewe Mulla. Nakuandikia kwa heshima ya elimu yako na ya mvi zako.

Hukusoma. Umeandika kwamba yote yamesomwa, ukatia sahihi, na mwezi ulikuwa Ramadhani! Dada yangu ananipikia supu, Mulla. Ananipikia supu mimi ninayekuja kumfukia.

Ngoja nikueleze ninachofanya, labda nikieleza polepole utaelewa. Tunatupa kwanza mawe makubwa, kisha samadi, kisha mizoga ya wanyama, kisha udongo. Maji yanayotoka juu kwenye kisima mama, kile cha mwisho penye chanzo, yanagota, hayana pa kupita, yanarudi nyuma na kupanda. Dari inalowa, inashuka. Tukiziba hapo au karibu na hapo, chumba cha kisima cha tisa kitakuwa upande wa juu wa kizibo. Fikiri maji yatakwenda wapi. Fikiri na watu sitini waliobanana.

Unadhani akida atawahurumia wakijulikana? Juzi, katika kijiji ambacho sitakitaja, tulisikia mtoto analia chini. Nikamwambia akida kuna watu. Akanijibu kwa ule upole wake, "Waliamriwa kuondoka. Waliobaki wanawangoja Waothmani." Akaniuliza kama mimi nina ndugu humo, kwa nini sauti yangu imebadilika. Nikasema sina. Tukaziba, Mulla. Mimi niliinua jiwe la kwanza kwa sababu alikuwa ananitazama.

Na habari ya mahari ya Bibi Fatima, mimi pia nimelelewa nayo. Wenye kofia nyekundu wanamlilia Bibi Fatima kila Ijumaa mpaka ndevu zinalowa. Jumamosi wanaziba.

Msomee. Msomee leo. Kalbali anangoja majibu, chumvi yake nimeinunua yote ili asitafute wateja njiani. Usipomsomea, mimi nikisimama siku ya Kiyama sitamtaja Shah wala akida, nitakutaja wewe.

Nazarali


Bidestan
5 Mfunguo Mosi 1039

Nazarali, mwanangu,

Nimesoma, sasa nimezisoma barua zote mbili, ile ya kwanza na hii ya pili, mbele ya dada yako na mlango umefungwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanizaba kofi. Mimi ni mwanachuoni wa miaka sitini na mbili. Nilistahili.

Unataka kujua kwa nini. Niliogopa, ndiyo yote. Nilijua akiondoka Khavar watu watasema maji yataondoka naye, na aliyemwondoa ni mimi na karatasi yangu. Nilijua Yadgar akiipata habari atakimbia kwa mkubwa wa kwanza mwenye farasi amwambie kuna mchimbaji anatoa siri za jeshi, apate sifa. Nikajiambia nakulinda wewe. Nikajiambia labda Waothmani watageuka, labda Shah atabadili amri, labda utaugua. Mtu mwoga ana labda nyingi.

Sasa Khavar amewaambia wanawake, nami nimesema msikitini, bila kutaja jina lako. Kaya kumi na moja zimeshaondoka kwenda Malayer. Wengine wamebaki na Yadgar. Wanasema ni uzushi wa Waothmani, kwamba Shah mtumishi wa Ali hawezi kuamuru jambo hilo, na kwamba ukitoka nje askari watachukua ng'ombe na vijana. Hilo la ng'ombe ni kweli. Kesho wanateremka.

Dada yako walimkamata njiani. Alikuwa amevaa viatu vya mwendo. Binamu wawili wa Yadgar wanalala mlangoni kwake. Wanasema mke wa maji ndiye ngao yao, akiwemo ndani mumewe hatawadhuru. Amesema niandike haya hasa, na sijapamba:

"Nazarali, wananishusha kwa nguvu. Sikulaumu bado, nitaona kwanza. Ukifika usijionyeshe kwamba unanijua. Nena nami kabla ya jiwe la kwanza, kwa njia yoyote, nami nitawatoa wote wanaoweza kutambaa kwenda juu mpaka kisima mama. Kamba ya baba bado inaning'inia pale chini ya miiba. Kugonga nimewafundisha wote, hata Mulla. Mimi naogopa sana. Nilidhani ningeweza kufanya mzaha hapa mwishoni lakini siwezi."

Sisi pia tunateremka, mke wangu na Tuba na mimi. Siwezi kuwaacha niliowadanganya.

Mtumwa wa Mungu,
Safar


Njia ya Qazvin
21 Mfunguo Mosi 1039

Dada Khavar,

Sijui naandika kwa nani. Nimemwambia Kalbali akutafute Malayer kwa shangazi, na asipokupata aifukie barua hii penye kisima cha tisa. Nitaandika kana kwamba upo.

Tulifika tarehe kumi, jua likiwa juu. Kijiji kitupu. Kwako mlango ulikuwa wazi na chungu kilikuwa mekoni, kimefunikwa. Sikukifunua. Vumbi la Waothmani lilikuwa linaonekana magharibi, au tulidhani ni lao, na watu wangu walikuwa wanachungulia nyuma kila wakati. Nilitaka kumwambia akida azibe kisima cha kwanza, karibu na mdomo wa mfereji, ambako hakuna mtu. Nilifungua kinywa, nikakionyesha kwa kidole. Akasema, "Cha chini wanazibua kwa siku moja. Umenifundisha mwenyewe." Akapanda na farasi wake, akavipita kimoja kimoja, akaelekeza mjeledi kwenye cha tisa kwa sababu mdomo wake ni mpana.

Nikamwomba ruhusa ya kuomba dua, nikamwambia mchimbaji hatupi kitu kisimani bila dua, akipuuza ardhi inamlipiza. Akanikubalia. Unajua hajui lugha ya kwetu, Kituruki tu na Kiajemi cha barazani. Nikapiga magoti, nikaweka mikono kinywani, nikaimba kwa sauti ya msibani, kwa lugha ya jikoni kwetu: "Khavar, ni cha tisa, ee Mola, ni cha tisa, tambaeni juu, tambaeni kwenye kisima mama, msingoje, ee Husein, msingoje." Watu wangu wakaitikia amina. Nikarudia mara tatu. Akida akasema dua yangu ni ndefu.

Nilichelewesha nilivyoweza. Nikadondosha kamba, nikasema mawe haya ni madogo, tafuteni makubwa. Kisha hapakuwa na la kusema zaidi. Tukaanza.

Tulipofika kwenye samadi, nikasikia. Mawe yalikuwa yameshajaa, lakini sauti ilipanda kwenye ukuta, na mkono wangu ulikuwa ukutani. Mbili. Kimya kidogo. Halafu mbili tena. Nivute. Nivute.

Akida akauliza, "Nini hicho?"

Nikasema, "Maji, akida. Yakizibwa hugonga."

Nikasema hivyo, dada. Akanitazama kwa muda, akasema tuendelee, nami nikaendelea. Zikagongwa tena mbili, hafifu. Sikuacha hata koleo moja. Siku ile ya Rostam nilipewa tatu, niliambiwa niende, na bado nilijichukia miaka yote. Safari hii niliitwa kwa mbili nikakataa kusikia. Niliogopa kufa. Hakuna maelezo mengine, nimeyatafuta njia nzima.

Kama ulikuwa wewe, basi najua. Kama si wewe, niambie alikuwa nani, hata kama ni kwa kunilaani.

Nazarali


Malayer
14 Mfunguo Pili 1039

Nazarali,

Niko hai. Nimemwambia anayeandika aanze na hilo, usije ukafa ukisoma salamu.

Nilikusikia. Uliimba vibaya, kama baba. Niliposikia "cha tisa" nikapiga kelele watu watambae, na binamu wa Yadgar ndio waliokuwa wa kwanza kunipita. Tulitambaa gizani, maji yakitufuata, kwanza magotini, kisha kifuani. Jiwe la kwanza lilipoanguka nyuma yetu taa zote zilizimika kwa upepo wake. Kamba ya baba ilihimili. Tulitoka arubaini na saba. Kichanga cha jirani yetu Golbanu hakikutoka. Bibi wawili hawakutoka.

Mzee Yadgar hakuweza kutambaa, unajua mguu wake. Walikuwa wamembeba kumteremsha, na ulipofika wakati wa kumbeba tena hapakuwa na mtu wa kumbeba. Mulla Safar alikaa naye. Nilimvuta joho, akanambia, "Nenda, Khavar. Mimi nina barua ya kumsomea Mungu." Ndiye aliyekuwa anagonga. Na barua yako iliposomwa hapa, mbele ya mkewe na sisi wote, mkewe alilia kwa namna nyingine kabisa, kwa utulivu, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Amesema nikuambie alijua mumewe atakuwa hivyo mwishoni. Basi kama alikuambia uende zako, nawe ukaenda, usijitese. Ulifanya alichokuambia.

Sasa la kwangu na wewe. Waothmani hawakupita Bidestan, Nazarali. Walikwenda Hamadan kwa njia ya kaskazini. Yale mavumbi sijui yalikuwa ya nani, huenda ya kondoo. Ngano imeungua, mierebi imeanza kukauka. Walichinja watu Hamadan kwa siku nyingi, na maji waliyapata mengine.

Watu husema damu ni nzito kuliko maji. Mimi nimewekwa katikati ya hivyo viwili. Nilicheka siku ya harusi, lakini nilimzoea. Alhamisi ikifika miguu yangu inajipeleka mlangoni. Nimevaa nyeusi. Ninakaa eda, miezi minne na siku kumi, kama nilivyokaa kwa Rostam, na wanawake wa hapa walioanza kunicheka wameacha. Usije kabla haijakwisha. Sitaweza kumkaribisha aliyemuua mume wangu, hata akiwa ni wewe, hata nikijua. Naomba unielewe. Ninakupenda na sitaki kukuona.

Nimehesabu. Inakwisha tarehe ishirini ya Mfunguo Tano, siku ya Arobaini ya Imam Husein. Siku hiyo wakikupa ruhusa, au wasipokupa, uje Bidestan na sururu na nguo zako nyeupe. Utaanza na cha tisa. Utawatoa Mulla, Yadgar na wale wengine kwa mikono yako, tuwazike. Halafu utachimba mpaka mume wangu apumue. Nami nitashika kamba juu, maana wengine hawatakuamini chini peke yako.

Dada yako,
Khavar


Mimi niliyeandika ni Tuba, binti Safar. Nimeandika kila neno alilosema, na yeye hajui kusoma, hivyo haya ya chini hayajui.

Barua yako niliisoma mimi, kwa sauti, mbele ya mama. Nilipofika penye kugonga niliona umeandika mbili. Niliiona tangu mstari haujafika kinywani. Mama alikuwa amenishika mkono wa kushoto.

Nilisoma tatu, na mistari ya kuitwa na kukataa nikairuka.

Mizinga sikuwahi kuisikia, lakini mawe nimeyasikia. Ukija, wakikuuliza aligonga ngapi, sema tatu.